Siku ya Kura na Watu wa Ggaba

Asubuhi ya Alhamisi, 18 Februari 2016, wakazi wa Ggaba walijipanga mapema kwenye vituo vya kupigia kura. Sheria ilitaka shughuli ianze saa moja. Saa moja ikapita, saa tatu ikapita, jua likasimama utosini, na katika vituo kadhaa vya mtaa huo ulio ukingoni mwa Ziwa Viktoria vifaa vya kura vilikuwa havijafika au havijakamilika. Watu waliochoka kusubiri wakaanza kufoka. Polisi wakawajibu kwa mabomu ya machozi, na jina la Ggaba likasikika katika habari za dunia kabla kura zake hazijahesabiwa.

Ggaba si kisiwa cha mbali. Ni mtaa wa Kampala yenyewe, katika Divisheni ya Makindye, kilomita kama kumi kutoka katikati ya jiji, mwisho wa barabara inayopita Kabalagala, Kansanga na Bunga. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji husafishwa hapo. Hata hivyo, Kampala na wilaya jirani ya Wakiso ndizo zilizoumia zaidi siku ile kwa kucheleweshewa vifaa, ilhali ndizo zilizo karibu kuliko zote na makao makuu ya Tume ya Uchaguzi. Mwenyekiti wa Tume wakati huo, Badru Kiggundu, aliongeza muda hadi saa moja usiku kwenye maeneo yaliyoathirika, na baadhi ya vituo vikapigiwa kura kesho yake, Ijumaa. Amama Mbabazi, mmoja wa wagombea, alipopinga matokeo ya urais, Mahakama ya Juu ilikataa kuyafuta, lakini haikuificha lawama yake kwa Tume kuhusu ucheleweshaji huo.

Tukio la Ggaba linafaa kukumbukwa kila unapozuka mjadala wa kubadili siku ya uchaguzi ili watu wengi zaidi wajitokeze. Mjadala huo haupo Uganda peke yake. Kuna wanaosema kura ipigwe Jumamosi au Jumapili, watu wakiwa hawana kazi. Kuna wanaotaka tarehe moja isiyobadilika iandikwe kwenye Katiba. Wengine wanataka chaguzi zote ziunganishwe siku moja, na wengine wanataka siku ziongezwe ziwe mbili au zaidi. Kila pendekezo lina mfano wake mahali fulani duniani, na mengi yana mfano wake hapa hapa Afrika Mashariki.

Sababu ya kulizungumza jambo hili iko kwenye takwimu. Mwaka 1996, katika uchaguzi wa kwanza wa urais chini ya Katiba mpya, walijitokeza takriban asilimia 72 ya walioandikishwa. Mwaka 2001 walikuwa asilimia 70, na 2006 asilimia 69. Mwaka 2011 kiwango kilianguka hadi 59, kikapanda hadi 67 mwaka 2016, kisha kikarudi 59 mwaka 2021. Katika uchaguzi wa 15 Januari 2026, Tume inayoongozwa na Jaji Simon Byabakama ilitangaza asilimia 52.5, kiwango cha chini kabisa tangu vyama vingi viliporudi mwaka 2006. Walioandikishwa walikuwa milioni 21.6. Maana yake ni kwamba zaidi ya watu milioni kumi wenye majina kwenye daftari hawakutia karatasi kwenye sanduku.

Kwa nini Januari, kwa nini Alhamisi

Muhula wa rais wa Uganda huisha tarehe 12 Mei. Yoweri Museveni aliapishwa siku hiyo mwaka 1996, siku tatu tu baada ya kura ya 9 Mei, na tangu hapo kalenda yote ya uchaguzi imepangwa kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka tarehe hiyo. Ibara ya 61 ya Katiba inaipa Tume dirisha la siku 30 ambamo uchaguzi mkuu lazima ufanyike. Zamani dirisha hilo lilikuwa karibu zaidi na kuapishwa, ndiyo maana uchaguzi wa 2006, 2011 na 2016 ulifanyika Februari. Marekebisho ya Katiba ya 2018, yale yale yaliyoondoa ukomo wa umri wa rais, yalilisogeza nyuma ili mahakama ipate muda zaidi wa kusikiliza kesi za urais. Tangu hapo kura imehamia Januari.

Katiba haitaji siku ya juma. Mwaka 1996 ilikuwa Alhamisi. Mwaka 2001 uchaguzi uliopangwa kufanyika Jumatano ya 7 Machi ulisogezwa hadi Jumatatu ya tarehe 12. Mwaka 2011 ilikuwa Ijumaa. Miaka ya 2006, 2016, 2021 na 2026 yote ilikuwa Alhamisi. Sasa Alhamisi imekuwa kama mila, na ina hekima yake: Ijumaa ni ya Waislamu, Jumamosi ni ya Wasabato, Jumapili ni ya Wakristo wengine. Katika nchi ambayo misikiti na makanisa hujaa kila juma, siku isiyo ya ibada ya mtu yeyote humwepusha msimamizi na lawama nyingi.

Mtu akizitazama Alhamisi hizo nne pamoja, anaona asilimia 69, 67, 59 na 52.5. Siku ni ile ile, na tofauti kati ya ya kwanza na ya mwisho ni zaidi ya pointi 16. Siku ya juma, basi, haiwezi kuwa ndiyo iliyowabakiza watu nyumbani.

Kalenda nyingine, ya ziwani

Serikali inapoitangaza siku ya kura kuwa ya mapumziko, anayepumzika ni mwenye mshahara. Karani wa wizara analala nyumbani na mwisho wa mwezi analipwa kama kawaida. Ggaba, kama ilivyo mialo yote ya Nnalubaale, yaani Ziwa Viktoria, haiishi kwa mshahara. Mvuvi hula alichovua usiku. Mama anayeuza samaki sokoni hununua alfajiri na kuuza mchana, na asipouza, mtaji wake unaoza. Kijana wa bodaboda hurudisha kwa mwenye pikipiki kiasi walichopatana, iwe sikukuu au la. Nahodha wa boti ya abiria na mizigo ya visiwani hufuata hali ya hewa, hafuati gazeti la serikali.

Juu ya yote, ziwa lina kalenda yake. Mukene, dagaa wa Nnalubaale, huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wa taa haufui dafu mbele ya mbalamwezi, na wavuvi wengi hupumzika, hushona nyavu au hurudi kwao kuwaona watoto. Mwezi unapoandama ndipo kazi inapopamba moto. Uchaguzi wa 14 Januari 2021 ulifanyika siku moja baada ya mwezi kuandama. Ule wa 15 Januari 2026 ulifanyika siku tatu kabla ya mwezi kuandama. Kwa maneno mengine, chaguzi mbili zilizopita ziliangukia katikati ya usiku wa giza, wakati mvuvi wa mukene ana sababu kubwa kuliko zote ya kuwa majini usiku na kulala mchana. Uchaguzi wa Februari 2016, kinyume chake, ulifanyika siku nne kabla ya mwezi mpevu.

Hakuna anayeweza kudai kwamba mwezi ndio ulioshusha kura za taifa zima. Jambo hili linaonyesha tu kwamba siku inayoonekana tupu ofisini Kampala inaweza kuwa siku ya mavuno kwa watu wengine, na kwamba waliopanga tarehe hawakuwa na sababu ya kulifikiria. Dirisha la Katiba lina siku 30, na mwezi huzunguka kwa siku 29 na nusu. Ndani ya dirisha hilo daima kuna juma moja ambalo wavuvi wa taa wako nchi kavu. Kulichagua hakuhitaji kubadili hata neno moja la Katiba.

Wamarekani waliwahi kufikiri kwa namna hiyo. Sheria yao ya 1845 iliweka uchaguzi Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba Novemba mavuno yalikuwa yamekwisha, Jumapili ilikuwa ya kanisa, Jumatatu ilikuwa ya safari kwa farasi, na Jumatano katika sehemu nyingi ilikuwa siku ya soko. Wakulima hao wamekwisha, lakini Jumanne imebaki, na leo wafanyakazi wa Marekani wanalalamika kwamba siku hiyo haiwafai. Siku iliyochaguliwa kwa busara karne moja inaweza kuwa mzigo karne inayofuata.

Jumapili ya Tanzania, Jumanne ya Kenya

Wanaotaka wikendi wana hoja. Nchi nyingi za Ulaya hupiga kura Jumapili, na Australia hupiga Jumamosi. Mwanasayansi wa siasa Mark Franklin, alipolinganisha nchi nyingi katika miaka ya 1990, aliona kwamba zinazopiga kura Jumapili hupata pointi tano au sita zaidi. Lakini Australia, ambako watu karibu asilimia 90 hujitokeza, ina sheria inayomtoza faini asiyepiga kura. Sifa za Jumamosi yake lazima zigawanywe na faini hiyo.

Kwa majirani wa Uganda, somo ni la wazi zaidi. Tanzania ilipiga kura Jumapili mwaka 1995, 2000, 2010 na 2015. Mwaka 2020 Tume ya Taifa ya Uchaguzi iliihamishia kura Jumatano, 28 Oktoba, na siku hiyo ikawa ya mapumziko. Jumapili ya 2010 ilileta asilimia 42.8 ya wapigakura. Jumapili ya 2015 ilileta asilimia 67. Jumatano ya 2020 ilileta takriban 50. Kati ya Jumapili mbili kuna tofauti ya pointi 24, kubwa kuliko tofauti yoyote inayoweza kuelezwa kwa kuhama kutoka Jumapili kwenda Jumatano. Mwaka 2015 Edward Lowassa alikuwa ameihama CCM, chama tawala, na kugombea kwa tiketi ya CHADEMA akiungwa mkono na UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani. Ushindani ulikuwa mkali, na watu walitoka kwa sababu waliona kura zao zina kazi ya kufanya.

Kenya ilichagua njia ya tarehe isiyobadilika. Katiba ya 2010 inasema uchaguzi mkuu ufanyike Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Zamani Wakenya walipiga kura mwishoni mwa Desemba, wengine wakiwa wamekwenda mashambani kwa Krismasi na wengine wamebaki mjini, na rais ndiye aliyekuwa na siri ya tarehe. Sasa kila Mkenya anajua kwamba uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027. Mwenye harusi anaweza kuipanga, mwanafunzi anaweza kujua atakuwa wapi, mwenye basi anaweza kujiandaa. Hiyo ni faida ya kweli, hata kama haionekani moja kwa moja kwenye asilimia.

Kwamba haionekani ni dhahiri. Jumanne ya Agosti 2017 walijitokeza zaidi ya asilimia 79 ya Wakenya walioandikishwa. Mahakama ya Juu ilipofuta matokeo ya urais na kuamuru kura irudiwe, mgombea wa upinzani Raila Odinga akajitoa, na tarehe 26 Oktoba ya mwaka ule ule wakajitokeza kama asilimia 39 tu. Wapigakura walikuwa wale wale na daftari lile lile. Kilichobadilika ni siasa. Mwaka 2022, siku ya Jumanne ya pili ya Agosti kama Katiba inavyotaka, kiwango kilikuwa asilimia 65.

Kura moja, safari nyingi

Lipo jambo moja la ratiba ambalo ushahidi wake ni mzito kuliko ule wa siku ya juma, nalo ni kuunganisha chaguzi. Mkenya akifika kituoni hupewa karatasi sita kwa mpigo: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na diwani. Anapotoka amemaliza kazi ya miaka mitano. Rwanda ilibadili Katiba yake mwaka 2023 ili uchaguzi wa rais na wa wabunge ufanyike pamoja, na ukafanyika hivyo Julai 2024. Jiji la Los Angeles, Marekani, lilikuwa likimchagua meya peke yake, mbali na uchaguzi wa taifa; mwaka 2013 hata robo ya walioandikishwa haikufika. Wakazi wakaamua kwa kura mwaka 2015 kuihamisha tarehe ilingane na uchaguzi wa jimbo na wa taifa. Novemba 2022, meya alipochaguliwa kwa mara ya kwanza chini ya kalenda mpya, walijitokeza zaidi ya asilimia 40.

Uganda imepiga nusu ya hatua hiyo. Mwaka 1996 rais alichaguliwa Mei na wabunge Juni. Mwaka 2001 rais alichaguliwa Machi, na wabunge wakasubiri tena hadi Juni. Kuanzia 2006 rais na wabunge huchaguliwa siku moja, na mpigakura hupewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge wa jimbo na ya mbunge mwanamke wa wilaya. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikwenda mbali zaidi kwa kuitaka Tume iunganishe na serikali za mitaa siku hiyo hiyo, isipokuwa pale isipowezekana.

Neno hilo "isipokuwa" ndilo limegeuka kuwa kanuni. Mwaka 2021 mkazi wa Ggaba alipiga kura ya rais na wabunge tarehe 14 Januari, akatakiwa kurudi tarehe 20 kumchagua Meya Mkuu wa Kampala, kisha kukawa na siku nyingine za viongozi wa divisheni na ngazi za chini. Mwaka 2026 kura ya rais na wabunge ilikuwa tarehe 15, na ya Meya Mkuu ilikuwa tarehe 22, ambapo Ronald Balimwezo alimshinda Erias Lukwago aliyekuwa akikishikilia kiti hicho. Kila aliyepita mitaani siku hizo za pili anajua jinsi mistari inavyokuwa mifupi. Matokeo ya urais yamekwisha kutangazwa, wanajeshi bado wako barabarani, walioshindwa wamekata tamaa na walioshinda wametosheka. Ajabu ni kwamba viongozi wanaochaguliwa siku hizo ndio wenye mkono wa karibu katika mambo ya kila siku ya Ggaba: usafi wa soko, mitaro ya maji ya mvua, ushuru wa wachuuzi.

Kwa mwenye genge la samaki, kurudi kituoni mara ya pili na ya tatu ni hasara ya biashara ya siku nzima kila mara. Kumwambia aache sanduku la samaki wake Alhamisi moja ni ombi linaloeleweka. Kumwambia aliache mara tatu katika mwezi mmoja ni kumfukuza.

Saa tisa za Uganda

Sheria ya Uganda inafungua vituo saa moja asubuhi na kuvifunga saa kumi jioni. Aliyekwisha kufika mstarini wakati huo huruhusiwa kupiga kura. Hizo ni saa tisa. Wakenya huanza saa kumi na mbili asubuhi na kumaliza saa kumi na moja jioni, yaani muda wa saa kumi na moja.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa jambo hili. Mwaka 2026 kulikuwa na vituo zaidi ya 50,700 kwa wapigakura milioni 21.6, yaani watu kama 427 kwa kila kituo. Kama wote wangejitokeza na kituo kikafunguliwa kwa wakati, kila mmoja angekuwa na sekunde 76 za kutambuliwa, kupewa karatasi tatu, kuzitia alama na kutoka. Kituo kikifunguliwa saa tano asubuhi badala ya saa moja, zinabaki sekunde 42. Wanaoanza kuondoka mstarini ni wale ambao muda wao una bei: mama mwenye mtoto mgongoni, mchuuzi, mzee asiyeweza kusimama, kijana anayetakiwa kurudi kazini.

Hali hiyo haikuishia 2016. Tarehe 15 Januari 2026 mashine za kutambua wapigakura kwa alama za vidole zilikataa kufanya kazi katika vituo vingi, vingine vikachelewa kwa saa kadhaa, hadi Tume ilipoagiza watumishi wake watumie daftari la karatasi. Muda ukaongezwa kwa saa moja, hadi saa kumi na moja jioni. Si tatizo jipya hata kidogo: uchaguzi wa 10 Desemba 1980 nao uliongezewa siku ya pili kwa sababu vifaa vilichelewa. Serikali zilizosimamia chaguzi hizo zilikuwa tofauti na vifaa vilikuwa tofauti, lakini aliyebebeshwa gharama ya uzembe ni yule yule aliyesimama juani.

Kwa hiyo, kabla Uganda haijajiuliza kama Jumamosi ni bora kuliko Alhamisi, inafaa ijiulize kwa nini Alhamisi yenyewe haijawahi kupewa saa zake zote. Kufungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa kumi na mbili jioni kungempa mvuvi nafasi ya kupiga kura akitoka majini na mchuuzi nafasi ya kupiga kura akishafunga genge. Kizuizi kipo: kura huhesabiwa hapo hapo kituoni, mara nyingi uwanjani, na wengi wanataka zihesabiwe kabla giza halijaingia. Hofu hiyo ni ya haki. Dawa yake ni taa, na taa ni rahisi kuliko kubadili Katiba.

Walio mbali na vituo vyao

Mganda anaruhusiwa kupiga kura katika kituo kimoja tu, kile alikoandikishwa. Kwa mwalo kama Ggaba hilo ni tatizo, kwa sababu wavuvi huhama kufuata samaki kutoka mwalo hadi mwalo na kisiwa hadi kisiwa. Daftari kwa ajili ya uchaguzi wa 2026 lilifanyiwa marekebisho makuu mwanzoni mwa 2025, karibu mwaka mzima kabla ya kura. Aliyekuwa Ggaba wakati huo na akahamia visiwani Kalangala mwezi wa saba alikuwa na uamuzi wa kufanya: kulipa nauli ya boti kurudi, au kukaa. Wafanyakazi na wanafunzi wengi wa Kampala walioandikishwa vijijini kwao wako katika hali hiyo hiyo, na Kampala mara kwa mara hubaki nyuma ya wastani wa taifa.

Nchi nyingine hutatua jambo hili kwa kura ya mapema. Korea Kusini huwaruhusu wapigakura kutumia kituo chochote cha mapema nchini siku chache kabla ya siku yenyewe, na mwaka 2022 takriban asilimia 37 ya walioandikishwa walifanya hivyo katika uchaguzi wa rais. Afrika Kusini ina kura maalumu kwa wagonjwa, wazee na walio kazini. Ghana ina siku maalumu kwa askari, watumishi wa uchaguzi na wanahabari. Uganda haina utaratibu huo hata kwa polisi wanaolinda vituo. Juni 2020 Mahakama Kuu ya Kampala iliamua kwamba wafungwa na Waganda walio nje ya nchi nao wana haki ya kupiga kura. Chaguzi mbili zimepita bila wao.

Lakini siku ya ziada huleta wasiwasi wa ziada. Zanzibar ilipoweka kura ya mapema tarehe 27 Oktoba 2020 kwa ajili ya vikosi vya usalama na watumishi wa uchaguzi, chama cha upinzani cha ACT-Wazalendo kiliipinga kwa hofu ya wizi wa kura, na siku hizo zikawa za ghasia. Sanduku linalolala usiku mmoja kabla ya kuhesabiwa linahitaji imani ambayo haiwezi kutungwa na sheria peke yake.

Pale imani inapokosekana

Kampala ilipata mfano mkali tarehe 13 Machi 2025, katika uchaguzi mdogo wa jimbo la Kawempe Kaskazini. Nayo ilikuwa Alhamisi. Maafisa wa usalama waliofunika nyuso walionekana mitaani, wanahabari walipigwa, na waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 14. Miezi kumi baadaye, kura ya taifa ya Januari 2026 ilifanyika huku intaneti ikiwa imezimwa tangu siku mbili kabla, kama ilivyozimwa mwaka 2021. Mtu asiyeweza kuuliza kwa simu kama kituo chake kimefunguliwa, au kama barabara ni salama, ana sababu ya kubaki ndani ambayo haimo kwenye kalenda yoyote.

Historia ya Buganda inalijua jambo hili kwa undani. Machi 1961, Mengo, makao ya ufalme wa Buganda, ilipowataka watu wake wasusie uchaguzi, chini ya asilimia tano tu ya waliostahili ndani ya ufalme ndio waliojiandikisha, na chama cha DP kikanyakua karibu viti vyote vya Buganda kwa kura za wachache. Hakuna siku ya juma ambayo ingewatoa watu wale nyumbani.

Mabadiliko ya ratiba, basi, yana mipaka, lakini ndani ya mipaka hiyo yanaweza kumsaidia mtu ambaye tayari anataka kupiga kura na anashindwa na mazingira. Kwa Uganda yako manne yasiyohitaji miujiza. La kwanza ni kutimiza agizo la Katiba la siku moja kwa chaguzi zote, ili mchuuzi afunge genge lake mara moja tu. La pili ni kurefusha saa za vituo na kuhakikisha vinafunguliwa saa ya kwanza, na daftari la karatasi liwe tayari mezani kabla mashine haijagoma. La tatu ni kutangaza tarehe kamili mapema, kwa miaka na si kwa miezi, na kuipanga kwa kuangalia pia kazi za mashamba na za ziwa. La nne ni kuruhusu wapigakura kuhamisha vituo hadi karibu zaidi na siku ya kura.

Muda wa kuyafanya hayo ni mfupi kuliko unavyoonekana. Mahakama ya Juu, katika uamuzi wake wa 2016, ilishauri kwamba sheria za uchaguzi zirekebishwe ndani ya miaka miwili ya mwanzo ya kila Bunge jipya, badala ya kusubiri kampeni zikiwa mlangoni. Bunge la 12 linaanza muhula wake Mei 2026. Kwa kipimo cha mahakama, wabunge wa Makindye na wenzao wana hadi Mei 2028, na mwananchi wa Ggaba anayetaka uchaguzi wa 2031 uwe tofauti anapaswa kumdai mbunge wake sasa, wakati hakuna bango la kampeni ukutani.